Dereva na Bwana Ufunguo

Kazi ya wifi ni kutafuta kasoro, na mimi nimeifanya kwa moyo wote tangu kaka yangu alipomleta mke wake nyumbani. Nilimtafutia kasoro katika mapishi, katika ufagiaji, hata katika kicheko chake, maana anacheka kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Sasa mimi ni mjane, nakaa chumba cha uani katika nyumba yao hiyo hiyo, na dirisha lililo mbele ya cherehani yangu linatazama banda la trekta. Kila asubuhi namwona. Kasoro zimeniishia.

Watu wanamwita Dereva. Anaendesha trekta lenye rotaveta, ile mashine inayofungwa nyuma, yenye visu vilivyopinda vinavyozunguka kwa kasi na kuusaga udongo hadi uwe laini, tayari kwa mbegu. Kabla hajawasha chochote huizunguka mashine taratibu. Hushika kisu kimoja kimoja na kukitikisa aone kama nati imelegea. Hupiga magoti atazame mafuta ya giaboksi. Kisha huja kwenye shafti, chuma kile kinachochukua nguvu za trekta na kuzipeleka kwenye visu, akalipapasa kava lake la plastiki lote, asije akaacha ufa. Shafti ikizunguka haina adabu; ikidaka ncha ya shati humvuta na mwenye shati. Ndiyo maana ovaroli yake niliishona mimi mwenyewe, haina mkanda wala kitu cha kuning'inia, ina mfuko mmoja tu wa kifuani, wenye kifungo, wa kutilia ufunguo. Niliagizwa niibane mikono hadi nikauliza kama namshonea mtu au mto.

Aliyeniagiza ni kaka yangu, na ujuzi wote huo ni wake. Alikuwa dereva kabla ya mkewe. Goti lake lilipokataa kukanyaga klachi, alimkalisha mkewe kwenye kile kiti, na waliokuja kusema mwanamke hawezi aliwajibu kwamba trekta halina habari na mambo hayo. Lakini hakumfundisha kwa upole. Visu vya rotaveta vina vya kulia na vya kushoto, na siku ya kwanza wifi alivifunga vyote vikitazama upande mmoja. Kaka aliona, akamwacha alime nusu ya shamba huku udongo ukirundikana pembeni kama takataka zilizofagiwa. Ndipo akamwuliza kama anatengeneza shamba au anajenga ukuta. Wifi alimnunia hadi kesho yake, ila kosa lile hakulirudia.

Jina la Bwana Ufunguo kaka alipachikwa kwa sababu ya sheria yake moja. Kabla ya kuigusa rotaveta, ishushe hadi ardhini, kata nguvu za visu, zima injini, chomoa ufunguo, kisha ngoja hadi visu visimame kabisa. Atakayeingiza mkono ndiye atakayekaa na ufunguo, si mwingine, hata kama huyo mwingine ni mkewe wa ndoa. Na kabla ya kuwasha visu tena, dereva ageuke mwili mzima, si shingo tu, atazame nyuma. Wapo waliokuwa wakimtania kwamba ajali haina kinga. Kaka aliuchukia msemo huo kuliko njaa. Alisema ulitungwa na mtu aliyeacha shafti yake wazi, na kwamba mtungaji hakuishi kuutunga mwingine.

Halafu akaanza kusahau. Mwanzoni tulisema ni uzee, na uzee nani ataukataa? Alikuwa akitia grisi kwenye kiungo cha shafti hadi inafurika, anakwenda kunawa, anarudi kutulaumu kwamba kiungo kimekauka. Akaanza kuniita mama. Mara ya kwanza nilicheka, nikamjibu kwa sauti ya marehemu mama yetu, akafurahi. Mara ya pili sikuweza kucheka. Hata hivyo kila siku alikwenda shambani na mkewe, akaketi kwenye kigoda chake mbali na mashine, kwa sababu rotaveta hurusha mawe, na kutoka pale akatoa amri kwa mkono. Tuliona yuko salama pale.

Siku ile niliwapelekea chai. Shamba lilikuwa na magugu yale yanayotambaa, na yalikuwa yamejiviringisha kwenye visu hadi visu havionekani. Wifi alisimama, akafuata sheria yote kama ilivyo, akayakata magugu kwa kisu cha jikoni, akapanda tena na kuwasha injini. Mimi nilikuwa namimina chai. Nilipoinua kichwa, kigoda kilikuwa kitupu.

Kaka alikuwa amepiga goti lile bovu nyuma ya rotaveta, mkono umeingia katikati ya visu hadi kwenye kiwiko, anavuta ugwe mmoja wa gugu uliobaki. Injini ilikuwa inanguruma. Mkono wa wifi ulikuwa tayari kwenye leva ya kuwashia visu.

Wifi akageuka. Aligeuka mwili mzima, kama alivyofundishwa na huyo huyo aliyekuwa pale chini. Nikaona mkono wake unaiachia leva. Akazima injini, akachomoa ufunguo, akashuka polepole kama mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa. Kaka akamwonyesha ule ugwe. "Umeacha huu," alisema, na akamkaripia kidogo juu ya kazi za kulipua. Wifi akaupokea ugwe kwa mikono miwili, akamshukuru. Kisha akaenda nyuma ya gurudumu kubwa akatapika.

Jioni, tukiosha vyombo, aliniambia kwamba kaka asiende tena shambani. Mimi nikawaka. Nilimwambia kumwondoa shambani ni kumzika mzima mzima, kwamba mtu huyu hana jingine duniani zaidi ya ile mashine, na kwamba kama angekuwa kaka yake wa tumbo moja asingelisema hilo na sahani mkononi. Niliona uchungu, na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Wifi alisuuza sahani moja mara tatu, akanipa niifute. Mwishoni tukakubaliana abaki nyumbani, ila asiambiwe kitu. Tungepita pembeni, bila kumvunjia heshima.

Basi kesho yake wifi aliondoka kabla kaka hajaamka. Aliliachia trekta literemke lenyewe kwenye mteremko hadi njiani, nami nikamsaidia kulisukuma, tusije tukamwamsha kwa injini. Tulijiona wajanja. Jua halijapanda vizuri, kaka alikuwa shambani, amekuja kwa miguu na kigongo, vifungo vya shati vimekwenda kombo, tena hakupita njia ya siku zote. Alitokea ndani ya mahindi ya jirani, nyuma kabisa ya mashine, wakati visu vinazunguka. Wifi alimwona alipokuwa ameshafika karibu na gurudumu. Aliponisimulia, tukaelewa, mimi na yeye, kwamba ujanja wetu ulikuwa mbaya kuliko kigoda. Angalau kwenye kigoda tulijua yuko wapi.

Mchana huo walirudi mapema. Trekta likaingizwa bandani, rotaveta ikashushwa chini, ufunguo ukaingia kwenye mfuko wa kifuani. Kaka akachukua spana na kuanza kukaza nati za visu, kama kawaida yake. Mimi nilikuwa dirishani na vazi la mteja kwenye cherehani, mguu umesimama juu ya kanyagio. Wifi alichuchumaa kando yake.

"Baba watoto, kuanzia kesho usije tena shambani."

Kaka aliendelea kukaza. Aliuliza amekosa nini. Wifi akamsimulia yote, kigoda, gugu, mkono, na jinsi alivyotokea kwenye mahindi. Alisimulia bila kupandisha sauti na bila kulia, na mimi niliyekuwa nimemkataza nilijikuta namwombea asikatike katikati.

"Siku ile ya gugu, ufunguo alikuwa nao nani?" kaka aliuliza.

"Ulikuwa kwenye trekta. Nilikuwa nimeshawasha."

Akaiweka spana chini. "Atiaye mkono bila ufunguo, mimi humfukuza."

"Najua."

"Na simrudishi."

"Najua, mume wangu."

Kaka alifuta mikono kwenye kitambaa kwa muda mrefu, kidole kimoja kimoja. Nilidhani atapiga kelele, maana hasira anazo, tumezirithi sote. Badala yake alimtazama mkewe kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake.

"Kesho nitakuwa nimesahau," alisema. "Nitavaa viatu nikufuate. Basi uniambie tena. Na mkono wangu uutaje, usinizungushe kama mtoto."

Tangu siku hiyo wifi humwambia kila asubuhi. Kaka hukaa kwenye ukingo wa kitanda, kiatu kimoja kimeshavaliwa, na wifi husimama mbele yake ndani ya ovaroli niliyomshonea na kumsimulia habari ile ile tangu mwanzo. Kwake kaka ni habari mpya kila siku. Ipo asubuhi anayomwita mkewe mwizi wa trekta. Ipo anayocheka na kusema huo ni uzushi wa majirani. Mara nyingi huuliza ufunguo alikuwa nao nani, akishajibiwa huinama mwenyewe akavua kiatu. Mimi husikia yote kupitia ukutani, na nakiri wazi kwamba ningekuwa mimi, nisingefika siku ya tatu.

Alasiri trekta likirudi na injini ikapoa, anaitwa bandani. Ufunguo uko kifuani kwa mkewe, kaka ana spana zake, na anapita nati moja baada ya nyingine bila kuuliza ipi ni ipi. Kichwa kimesahau, mikono haijasahau. Akishaingia kuoga, wifi huzikagua zote upya. Hamwambii, na hilo ndilo jambo pekee analomficha.

Juzi nilimhurumia. Tulikuwa jikoni, macho yake mekundu, asubuhi hiyo kaka alikuwa amelia kama mtu aliyepokea taarifa ya msiba. Nikamwambia si dhambi, siku mojamoja apumzike, amwambie tu kwamba trekta limeharibika na leo hakuna kazi. Uongo mdogo hauvunji nyumba.

Wifi akasema alishajaribu, wiki iliyopita, nilipokuwa nimekwenda sokoni kununua uzi. Kaka alisikia limeharibika, akachukua spana zake bila hata kunywa chai, akaenda bandani. Akafungua, akafunga, akatazama mafuta, akatikisa visu vyote. Kisha akarudi jikoni akiwa amejaa grisi, akafunga mlango nyuma yake na kushusha sauti.

"Akaniambia trekta ni zima kabisa," wifi alisema. "Akasema aliyeniambia limeharibika ananidanganya, nijihadhari sana na mtu huyo."