Kalenda Iliyofika Hadi Siku ya Uhuru

Baba yangu alipunguzwa kazi stesheni ya Itigi wakati reli ilipokuwa ikitafutiwa mwekezaji. Maisha yake yote alikuwa ameishi kwa zamu na ratiba ya treni. Sasa akawa akiamka ananiuliza leo ni siku gani, na mchana anauliza tena. Haukuwa uzee. Siku zilikuwa zimefanana tu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari, na nilikuwa nimenunua kompyuta iliyotumika. Nikataka kuweka humo kalenda ya vipindi vyangu, ya kliniki ya baba na ya shamba letu la alizeti. Nyumbani hatukuwa na intaneti, kwa hiyo nikamwomba fundi wa kompyuta wa Singida mjini anitafutie kalenda inayojitegemea. Alinipa tatu kwenye CD moja, akaniambia nijaribu mwenyewe nione ipi itanifaa.

Nilizijaribu asubuhi moja ya likizo, baba ameketi kwenye stuli kando yangu. Ya kwanza ilikuwa na rangi za kuvutia, lakini kabla sijaandika chochote ikataka niingie kwenye mtandao. Nikaifuta. Ya pili ilifunguka vizuri. Baba akaniomba nimwonyeshe siku ya Uhuru. Nikarudi nyuma mwaka baada ya mwaka, ikagoma kwenye miaka ya themanini. Baba akatabasamu, akasema hiyo ni changa hata kuliko mimi mwanawe.

Ya tatu haikuwa na urembo wowote. Niliandika Desemba 1961, na mwezi mzima ukajitokeza.

"Tarehe tisa ni Jumamosi," nikasoma.

 Baba akasema kwa Kinyaturu, taratibu, kwamba ndivyo ilivyokuwa. Ijumaa iliyotangulia yeye na wenzake walishinda wakifagia stesheni na kupaka chokaa mawe ya pembeni mwa reli. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisimulia hayo.

Akauliza nani aliyeitengeneza. Nikamweleza kama fundi alivyonieleza: ile ni programu huria, imeandikwa na watu wa nchi mbalimbali, wengi wao hawajawahi kuonana. Wameiacha wazi, anayetaka aitumie, aone ilivyoundwa, hata airekebishe.

"Wanatujua sisi?"

"Hapana, baba."

"Na hawaiuzi?"

"Hawaiuzi."

Miaka ile baba alikuwa ameona viwanda vikiuzwa, mashirika yakiuzwa, na kazi yake ikienda pamoja nayo. Alikitazama kile kioo kwa muda mrefu, mikono magotini, kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada. Mimi nilikuwa nimezoea kuiona kompyuta kama chombo tu. Kwa mara ya kwanza mwili ulinisisimka mbele yake.

Akaniambia nisonge mbele sasa. Nikasonga, mwaka mmoja, mwingine, hadi karne ambayo mimi na yeye hatutaiona. Jumatatu ilikuwepo. Ijumaa ilikuwepo.

"Kumbe zote zimeshapangwa," akasema kwa sauti ya chini.

Nikaichagua hiyo. Tangu siku ile, kila asubuhi baada ya chai, baba alikuja kusimama nyuma yangu kabla sijaenda shuleni. Alisoma mwenyewe siku na tarehe, akaridhika, akatoka kwenda kuangalia alizeti zake.