Aliyejichagulia Rangi

Cheka sasa hivi kama utacheka, ili nikianza tusisumbuane. Mimi si mtu wa kuota mchana. Sinywi, sikuwa na homa, na siku ninayokuambia nilikuwa nimeshiba chapati na maharagwe. Kilichonipata mtaani Kihoto kilinipata jua likiwa juu, macho yangu yakiwa wazi na mikono yangu ikifanya kazi inayonilisha. Ushahidi unaning'inia ukutani hapa karakana yangu, mtaa wa Free Area. Njoo uushike kama huniamini.

Nachora sura za watu kwa pasteli. Wengi hudhani ni chaki, wengine hudhani ni zile krayoni za mafuta watoto wanazobeba kwenda shule. Siyo. Pasteli laini ni unga wa rangi ulioshikishwa na gundi kidogo sana kuwa kijiti, na ukiigusa tu imeshakupaka. Ndiyo maana naipenda, na ndiyo maana hunitia wazimu. Inakaa juu ya karatasi kama vumbi linavyokaa juu ya meza, na mkono wa shati ukipita hapo, umeondoka na shavu la mtu. Wenzangu hupulizia picha dawa ya kushikisha, na wengine hata spray ya nywele ya saluni. Mimi sipulizii kitu, maana dawa huzima mwanga wa rangi. Naweka picha nyuma ya kioo, basi. Nimeambiwa mara nyingi kwamba mimi ni mbishi. Ni kweli, na ubishi huo ndio ulionipeleka Kihoto.

Nina jirani, Mama Akinyi, ambaye alihamia huku kwa binti yake wakati Ziwa Naivasha lilipopanda likaingia nyumbani kwake Kihoto. Walitoka na magodoro na sufuria. Picha ya marehemu mumewe, ile moja tu aliyowahi kupigwa, ikabaki ukutani. Hakuililia sana wakati huo. Aliililia daktari alipomwambia kwamba presha ya macho imeshamaliza jicho moja na la pili liko njiani.

Akaja karakana akiongozwa na Akinyi, akakaa, akanishika mkono.

"Mwanangu, mimi sitaki kuona kitu ingine," aliniambia. "Nataka kuona Baba Akinyi mara moja tu. Halafu hiyo giza ikuje vile inataka."

Wewe ungemjibu nini? Nilimwambia atamwona. Nilisema hivyo kabla sijajua nitafanyaje, lakini mimi nikishasema nimesema. Akinyi alikuwa mtoto mchanga baba yake alipofariki, kwa hiyo hakuwa na la kunisaidia. Nikaamua kwenda Kihoto kuitafuta ile picha. Nilibeba gambuti, ubao wa kuchorea, karatasi yangu ile inayokwaruza kidogo kidoleni ili ishike unga, na sanduku la pasteli. Mimi sitoki bila vyombo vyangu, hata nikienda mazishini.

Huko juu ya mtaa watu walikuwa wanaanika nguo na redio zinalia. Huku chini, nyumba za mwisho zilikuwa bado zimesimama kwenye maji ya magotini, milango mingine imeng'oka, magugu ya ziwani yameingia mpaka jikoni. Mama mmoja aliyekuwa akifua alinionya nichunge viboko, kisha akaendelea kufua. Nilizitazama zile nyumba moja moja mpaka nikaupata mlango wa kijani niliokuwa nimeelekezwa.

Fremu ilikuwa bado ukutani. Niliishusha kwa mikono miwili. Kioo kilikuwa kizima. Nyuma ya kioo palikuwa na karatasi nyeupe yenye ukungu, na chini kabisa, ncha ya kola ya shati. Basi. Maji yalikuwa yamemfuta mzee wa watu.

Nikatoka, nikakaa juu ya ukuta mfupi wa veranda, gambuti zangu zikiwa majini. Sikulia. Nilikasirika, nikafungua sanduku langu nichore hata hiyo nyumba tu, ili nisirudi mikono mitupu.

"Mathe, unachora?"

Mwanamume alikuwa amesimama mwisho wa veranda, shati la bluu, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko. Nilidhani ni jirani aliyekuja kuangalia nyumba yake. Nikamweleza yote: kwamba natafuta sura ya mwenye nyumba hii, kwamba mkewe anapofuka. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Sura naeza kukupea," alisema. "Toa karatasi."

Akakaa upande wa pili wa ukuta, akalivuta sanduku langu katikati yetu. Sasa sikia, watu wote wakifungua sanduku langu mkono huenda moja kwa moja kwenye kahawia, kwa sababu wanadhani ngozi yetu ni ya kahawia. Yeye aliziruka kahawia zote. Akachukua zambarau iliyokolea, akanipa.

"Anza na hii. Hiyo kahawia yako wacha ikae. Hiyo ni ya kuchora meza."

Nilicheka, maana ndivyo ninavyowaambia wanafunzi wangu. Giza huanza, tena giza lenye rangi ndani yake, zambarau au kijani kilichokolea. Halafu unapanda juu na rangi za moto, na mwanga unaukaribisha mwisho kabisa. Ukianza na mwanga, kila unachoweka juu yake kinakuwa matope. Nikajiambia, huyu ni fundi mwenzangu. Nikachora umbo la kichwa kwa kijiti kigumu, ambacho ni cha mistari, kisha nikaingia na vijiti laini alivyokuwa akinichagulia. Alinieleza paji pana, pua fupi, na kovu dogo lililokata nyusi ya kushoto. Kazi ilikimbia. Sijawahi kuchora vizuri hivyo, na nasema hivi bila aibu.

Aliponinyooshea kijiti cha rangi ya chungwa, nikaona vidole vyake. Vyangu vilikuwa zambarau na kijani mpaka kwenye kucha. Vyake vilikuwa safi. Niamini mimi, hakuna binadamu anayeshika pasteli laini akatoka safi. Nikainua macho polepole kutoka kwenye vile vidole mpaka kwenye uso wake. Paji pana. Pua fupi. Kovu kwenye nyusi ya kushoto. Nilikuwa namchora yeye! Nikatazama chini. Maji yaliyozunguka gambuti zangu yalikuwa yanacheza kila nikisogea. Kwenye miguu yake yalikuwa yametulia tuli.

Ungekimbia? Hata mimi miguu ilikuwa imeshaamua. Lakini nilimkumbuka Mama Akinyi na lile jicho moja. Nikajiambia, kama mzee ametoka alikotoka ili mkewe amwone, mimi ni nani nimwache nusu? Nikakandamiza kiwiko kwenye paja, nikainua kijiti.

"Basi tulia hapo," nilimwambia, kwa sauti ile ile ninayowaambia wateja. "Usigeuze kichwa."

Akatulia. Na hapa ndipo ninapoombwa nirudie kila nikisimulia. Kila nilichokimaliza kwenye karatasi, kwake kilikuwa kinafifia. Nilimaliza sikio, nilipoinua macho sikio lilikuwa hafifu, naona kupitia humo ukuta wa nyumba ya nyuma. Nikamaliza nyusi, zikaenda. Macho niliyachora nikiwa nimeuma meno. Yalipokwisha kukaa kwenye karatasi, aliendelea kuelekeza uso wake kwangu kama mtu anayesikiliza tu. Ulikuwa umebaki mdomo.

"Una neno lolote nimpelekee mkeo?" nilimuuliza.

Aliukunja mdomo kama mtu aliyeulizwa swali la mtu mwingine.

"We chora tu," akasema.

Nikachora. Alifungua kinywa tena, nikaona anataka kusema jambo, lakini hakuna sauti iliyotoka. Nilipoweka mwanga wa mwisho kwenye mdomo wa chini na kuinua kichwa, sikuona mtu. Nilifunga sanduku, nikaukumbatia ule ubao, nikatembea kwenye maji bila kugeuka. Sikukimbia. Pasteli hairuhusu mtu kukimbia nayo.

Kesho yake asubuhi Akinyi alimkalisha mama yake karibu na dirisha langu. Mama aliisogelea picha mpaka kope zikawa karibu kugusa karatasi, akalizungusha lile jicho lake moja, paji, pua, kidevu, bila haraka. Mimi nilikuwa nimeshaandaa leso ya machozi yake.

"Kazi iko sawa sana," alisema. "Lakini huyu ni nani?"

Nikamwambia atazame tena. Akatazama tena, kwa heshima.

"Mwanangu, huyu simjui. Baba Akinyi hakuwa na hiyo kovu."

Ndipo nilipokumbuka kwamba yule mtu hakuniambia hata mara moja kwamba ni mwenye nyumba. Alisema atanipa sura, na sura alinipa.

Mama aliinuka, akaanza kutafuta mlango kwa mkono. Hakulalamika, na hilo liliniuma zaidi. Nikamzuia.

"Kaa chini, Mama," nilisema. "Nilikwambia utamwona."

Nikabandika karatasi mpya ubaoni, nikampa sanduku lote. Aliviinua vijiti kimoja kimoja, akivisogeza karibu na jicho. "Alikuwa rangi ya turungi," alisema, "ile chai imekolea na ukiiweka kwa dirisha inakaa kuwaka kidogo." Akachagua chungwa iliyoungua na bluu nzito. Akinyi nilimweka mbele yangu, maana mama alisema paji na masikio ni ya babake. Kila siku walikuja. Nilichora, mama akainama, akasema shavu limenona sana, nikapangusa kwa brashi kavu nikaanza upya. Na kila siku ilibidi ainame karibu zaidi. Tulikuwa tunashindana na lile jicho, mimi na yeye, na niliapa kwamba halitatushinda.

Alasiri moja aliinama akatazama. Kisha akaweka kiganja kizima juu ya karatasi. Mimi hupiga mikono ya watu wanaogusa picha zangu, lakini wake niliuacha.

"Ulikuwa umeenda wapi?" alimuuliza mumewe.

Alipoondoa mkono, nusu ya shavu la Baba Akinyi ilikuwa kiganjani mwake, na alama ya vidole vyake ilikuwa shavuni. Sikuirekebisha. Iko hivyo nyuma ya kioo mpaka leo, nyumbani kwao. Mvua za mwaka huo hazikuisha kabla ya lile jicho nalo kuzima, lakini giza lilimkuta ameshaona.

Yule mwingine amebaki kwangu. Nilijaribu kumpangusa ili niitumie tena ile karatasi. Brashi kavu, kitambaa, mwishowe hata maji, na hakuna unga uliotoka. Pasteli isiyopuliziwa chochote! Nikasema basi nitamchoma. Mama Akinyi, ambaye sasa haoni hata kivuli, alinisikia nikitafuta kiberiti.

"Usimchome," alisema. "Huyo pia ako na mtu anamngojea mahali."

Kwa hiyo nimemtundika pale penye mwanga, anaangalia mlango. Kila anayeingia namuuliza kama anamjua, na sitaacha kuuliza. Kama wewe au mtu wako mliwahi kuishi kule chini Kihoto, na kuna mwanamume mwenye kovu kwenye nyusi ya kushoto ambaye hamjui alikopotelea, njoo Free Area umtazame. Na wewe unayechora, ukikutana na mgeni anayejichagulia rangi na vidole vyake vinabaki safi, usikimbie, lakini muulize jina lake kwanza. Mimi nilimchora mdomo kabla sijamuuliza, na sasa hawezi kuniambia.