Ijumaa Niliyomsugua Mbwa Meno

Mimi aibu nimezoea, lakini ile ya Ijumaa ile bado ikinijia nikiwa peke yangu jikoni huwa nafunika uso na aproni. Hadi leo nikipita steji ya boda boda hapa Uriri, lazima kuna mtu ataniuliza kama nimepiga mswaki, halafu wenzake wanalalia pikipiki kwa kicheko. Wacha niwaeleze mwenyewe, kwa sababu nimesikia hadithi imefika mpaka Rongo ikiwa imeongezwa chumvi (eti nilibusu mbwa. Sikubusu).

Mbwa mwenyewe anaitwa Bosi. Nina kihoteli kidogo cha ugali na samaki, na kwa sababu nilizaliwa Karungu, kando ya ziwa, kwetu kutupa kichwa cha samaki ni kama kutukana chakula, basi mabaki yote yalikuwa yanaishia kwa Bosi: vichwa, mchuzi, ngozi ya kuku, chapati iliyoungua, na asubuhi chai ya maziwa kwa sababu alikuwa ameizoea na ni mimi nilimzoesha. Alinenepa mpaka akawa anabweka kidogo, anakaa chini apumzike, ndio anaendelea kubweka. Majirani walikuwa wananisifu, "Nyar Karungu," (binti wa Karungu, ndivyo wanavyoniita hapa nilikoolewa) "huyu mbwa wako ameshiba," na mimi navimba kichwa, nikidhani mbwa mnene ni heshima ya boma. Meno yake sikuwahi kuyaangalia hata siku moja. Nani huangalia meno ya mbwa, isipokuwa yule anayeumwa?

Shida ilikuwa harufu ya mdomo. Sisi ni Wasabato, na Ijumaa jua likikaribia kuzama tunakusanyika nyumbani kwa mmoja wetu kufungua Sabato kwa nyimbo na maombi, leo kwangu, wiki ijayo kwa mwingine. Mara ya mwisho ilipokuwa zamu yangu, Bosi alienda kulala chini ya kiti cha Mzee Otieno, mzee wetu wa kanisa, akahema tu. Mzee aliombea wagonjwa, wasafiri na serikali kwa mbio ambayo hatujawahi kuisikia, akasema amina, akatoka nje. Mke wake akaniuliza kwa upole kama kuna panya amekufa ndani ya kochi. Nikasema ndiyo. (Hakukuwa na panya. Na Sabato ilikuwa ndio imefunguliwa hivyo.)

Sasa zamu ikanirudia. Ijumaa kwetu ni siku ya maandalizi, jua likizama hakuna tena kupika wala kupiga pasi, kwa hivyo siku hiyo nilipika, nikapiga deki, nikanyoosha nguo, na nilipokuwa naelekea bafuni, leso kifuani, kichwa wazi, nikamkuta Bosi amelala mlangoni ananihemea. Nikaangalia jua, nikaona bado liko juu ya miti kidogo. Nikajiambia, kila mtu kwa hii boma amejitayarisha isipokuwa huyu. Nikachukua mswaki wa zamani wa mume wangu, Baba Sharon (yeye anasema haukuwa wa zamani), nikaminya dawa ya meno bila huruma, maana Bosi ana meno mengi, nikamshika shingo nikaanza kazi.

Mwanzoni alifurahia, yawa. Alikuwa anaramba ile dawa, anatafuna mswaki, povu linatoka pande zote mbili na mimi nasugua nikijiona daktari. Kumbe huko nyuma kulikuwa na gego limeoza mpaka kwenye ufizi, na mswaki ukagonga hapo hapo. Bosi alilia sauti sijawahi kuisikia, akaniangusha, akatoka mbio. Lango lilikuwa limefungwa, basi akakimbilia lile tundu la kwenye ua wa miti alilokuwa akipitia akiwa mdogo. Kichwa kikapita, mabega yakapita, tumbo likakataa.

Sasa jaribuni kuona vile walio barabarani waliona. Wageni wangu wanakuja na nguo nyeupe, Biblia kwapani, wanaimba taratibu, halafu ghafla kutoka kwenye ua kinatokea kichwa cha mbwa, macho yametoka, anatoa povu jeupe, analia na kutikisa kichwa mpaka povu linarukia watu. Na siku hizo kila mtu alikuwa anaongea juu ya mbwa mwenye kichaa aliyeuma watoto upande wa pili wa mto. Mama mmoja akapiga nduru, "Kichaa! Kichaa cha mbwa!" na steji ya boda iko mita chache tu kutoka kwangu.

Mimi huku ndani nilikuwa nimeshika miguu ya nyuma navuta, nikiona ni mambo ya kuchekesha, mpaka nikasikia sauti ya mwanaume ikisema, "Wekeni watoto nyuma. Tafuteni mawe makubwa." Bosi hakuwa na pa kwenda, mbele ni mawe na nyuma ni tumbo lake nililomlisha mimi mwenyewe. Nikafungua lango nikazunguka mbio, leso nimeishika kwa mkono mmoja, nikajitupa mbele yake kwa magoti.

"Msimpige, hana kichaa, amechanjwa!"

"Mama Sharon, toka hapo," akasema Odhis, kijana mkubwa wa boda ambaye hula kwangu kila siku, jiwe ameliinua kwa mikono miwili. "Huyo si mbwa wako tena. Atakuuma ufe."

"Ni dawa ya meno. Nilikuwa nampigisha mswaki."

Hata mimi nikisikia nilivyosema niliona nimeongea upuuzi. Mtu mmoja nyuma akasema, "Tayari ameumwa, amepoteza akili," na nikaona wengine wanainama kuokota mawe.

Basi nikafanya kile nilichofanya. Nikapangusa lile povu kutoka mdomoni mwa Bosi kwa vidole viwili, nikawaonyesha, nikalitia mdomoni nikameza.

Watu walirudi nyuma. Mke wa Mzee alikaa chini kabisa, na nguo yake nyeupe. Mzee Otieno mwenyewe ndiye alisogea, polepole, akainama, akanusa mkono wangu, halafu akamnusa Bosi.

"Ni minti," akasema.

"Ni minti, Jaduong'," nikamwambia Mzee, na hapo machozi yakaanza.

Odhis akashusha jiwe. Ndipo nikagundua leso imeshuka kiasi cha kutosha, mama mmoja wa kwaya akanifunika na shali yake bila kuniangalia usoni. Tukabaki na mbwa bado amekwama kwenye ua na jua linazama. Baba Sharon (ambaye muda huu wote alikuwa chumbani anatafuta soksi) akaja na mafuta ya kupikia, akauliza kama sasa kusukuma mbwa ni kazi au si kazi. Mzee akafikiri, akasema kumtoa mnyama kwenye taabu hakuvunji Sabato, akakunja mikono ya shati lake jeupe, akasukuma pamoja nasi. Tulifungua Sabato hapo hapo barabarani, tukinuka mafuta, na watu wa boda wamevua helmeti. Sijawahi kuimba na furaha vile.

Jumapili tukampeleka kwa daktari wa mifugo Rongo. Nilipomweleza habari ya povu, alinigombeza karibu nizame kwenye kiti: nisiwahi kurudia kumeza kitu kutoka mdomo wa mbwa, na dawa ya meno ya watu si ya mbwa, wao hawajui kutema, inaweza kumdhuru. Aling'oa lile gego, akakwangua ukoga, akanionyesha vile mbavu za mbwa zinafaa kusikika ukimpapasa. Za Bosi hata yeye daktari alizitafuta. Chai ikaisha siku hiyo, na mchuzi, na chapati. Sasa anapimiwa chakula chake, na jioni tunatembea hadi shuleni na kurudi.

Odhis alikuja hotelini wiki hiyo, akakaa peke yake, hakuagiza kitu. Mwishowe akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, usingefika wakati ule, mimi nilikuwa nimeshaamua." Nikamwekea samaki, nikaenda nyuma nikalia kidogo.

Nimeapa Ijumaa jioni sitaanza jambo jipya, hata kama ni kushona kifungo. Meno ya Bosi nayasugua asubuhi, kwa dawa ya mbwa niliyopewa, polepole, lango limefungwa. Anatulia kabisa, kichwa chake kizito kiko mapajani mwangu, na wanaopita wakicheka nawaacha wacheke, mimi nasikia anapumua.