Jina la Nyumbani na Jina la Barabarani

"Huyu mama ni nani wako?"

Niliulizwa swali hilo nikiwa na miaka minane, mchana kweupe, chini ya lango la mtaa wa Wachina kule Cyrildene, Johannesburg, na sikulijibu. Mtoto wa miaka mitatu angelijibu. Mimi, niliyekuwa wa kwanza darasani, nilifunga kinywa na kutazama viatu vyangu.

Najua kumbukumbu kama hizi huandikwaje. Kwenye grupu letu la WhatsApp, sisi tuliokulia Troyeville na Bertrams, kila wiki kuna mtu anauliza nani anakumbuka enzi zetu, kisha tunashindana. Nami nakumbuka. Nakumbuka diketo, ule mchezo wa mawe na duara, tulioucheza mpaka vidole vikachubuka kwenye sementi. Nakumbuka magwinya, yale maandazi ya kukaanga, yakilowesha gazeti kwa mafuta. Nakumbuka harufu ya sombe, kisamvu chetu, ikipanda ngazi za jengo letu mpaka jirani Mzulu akagonga mlango, na hakuja kulalamika, alikuja na sahani. Nakumbuka mama kwenye cherehani, pini nne midomoni, akitugombeza bila kumeza hata moja. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna jambo ambalo kwenye grupu hatuliandiki, na nimechoka kutoliandika.

Tulikuwa na majina mawili mawili.

Nyumbani nilikuwa Mapendo. Nikishuka ngazi tu, nilikuwa Portia. Rafiki yangu Espérance alikuwa Thandi. Kaka yake, Innocent, alikuwa na bahati: jina lake lilipita mtaani bila kubadilishwa, naye alituringia kwa hilo kana kwamba amelichagua mwenyewe. Mama aliiweka sheria hiyo baada ya ule mwezi wa Mei, moto ulipoanza Alexandra na wageni wakafukuzwa majumbani mwao. Sisi watoto hatukuelezwa lolote. Tuliambiwa tu, kwa Kiswahili chake cha Bukavu, Kongo: "Ku njia hakuna Kiswahili. Ku njia hakuna Mapendo. Mutu wa yunifomu akikuuliza, sema Portia, kisha funga kinywa."

"Kwa nini?" niliuliza. Nilikuwa mtoto wa kuuliza kwa nini.

"Juu nimesema," akajibu, akarudisha pini mdomoni.

Mwaka mpya wa Wachina huangukia katikati ya majira yetu ya joto, na mwaka ule mama alikubali kutupeleka, mimi na Espérance. Tulikwenda kwa miguu, tukapita Bez Valley, tukapanda kilima cha Observatory huku jua likitupiga utosini. Kitenge cha mama kilibaki nyumbani. Yeye alivaa jinzi, maana barabarani hakukuwa na kitenge pia.

Sijasahau kitu. Bata waliobanikwa wakining'inia dirishani, wakichuruzika. Maandazi meupe ya mvuke yenye nyama ndani, moto kiasi kwamba tuliyarusha toka mkono hadi mkono. Ngoma, matoazi, harufu ya baruti na tangawizi. Na kelele! Bibi mmoja wa Kichina aliinama kwenye dirisha la ghorofani akamfokea mtu ng'ambo ya barabara, kwa lugha yao, kwa sauti yake yote, na aliyefokewa akamjibu vilevile. Hakuna aliyegeuka kuwatazama. Hakuna aliyewabana mkono.

"Mbona wao wanaruhusiwa?" nilimuuliza mama kwa Kiingereza.

Akanibana mkono. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoona kwamba maduka yale yote yalikuwa na nondo mlangoni, kwamba nao walikuwa na hofu zao. Lakini siku ile niliona lugha ikitembea barabarani bila kujificha, nikaingiwa na wivu ambao haujaisha.

Kisha simba akaja, simba wa kitambaa chekundu mwenye watu wawili ndani, akaniinamia na kupepesa kope zake za manyoya. Fataki zikalipuka nyuma yangu. Nikakimbia. Niliposimama, mkono wa mama haukuwepo.

Nilikamatwa na mlinzi. Alikuwa mrefu, sare ya buluu, redio begani, na mkono wake wa kulia haukuwa na kidole cha mwisho. Beji kifuani iliandikwa Thabo. Akaniuliza jina kwa Kizulu, nikamwambia Portia. Hapo hapo mama akatokea akipasua umati, jasho likimtoka, Espérance akiburutwa nyuma yake. Hofu ilikuwa imemsahaulisha sheria yake mwenyewe.

"Mapendo! Mapendo!"

Mlinzi akanivuta nyuma yake. "Huyu anaitwa Portia," alisema kwa Kiingereza kizito. "Wewe unatafuta Mapendo."

"Ni mtoto... ni mtoto wangu." Kiingereza cha mama kilikuwa cha kuhesabia vifungo na zipu.

"Anaitwa nani?"

"Portia."

Umati ukaangua kicheko. "Ameshasikia, sasa anajua!" akasema kijana mmoja. Mwanamke aliyekuwa akichoma mahindi akadakia, "Eish, mama, chagua jina moja!"

Ndipo mlinzi akainama, uso wake karibu na wangu, akaniuliza huyu mama ni nani wangu. Ningesema ni mama. Lakini Johannesburg kila mwanamke mzima ni mama, hata yule wa mahindi tulimwita mama. Na mlinzi alivaa yunifomu. Sheria ilikuwa wazi. Nilikuwa mtoto mtiifu kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikafunga kinywa. Espérance naye akafunga chake.

Mama akanyoosha mkono. "Come, my girl," akasema. Sikuwahi kusikia sauti ile ikitoka kwake, nyembamba, ya kuazima. Nikarudi nyuma hatua moja. Hatua ile naijua urefu wake mpaka leo.

"Nampeleka kwenye hema la polisi," akasema mlinzi.

Mama hakuweza kufika kwenye hema lile. Karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa imepitwa na wakati, na polisi wangembeba yeye, mimi nikabaki na nani? Nilimwona akitazama umati, uso mmoja baada ya mwingine, kama anayetafuta mlango. Kisha akasema, bila kunong'ona:

"Kuya hapa, mutoto yangu. Usinipatishe haya mbele ya batu."

Nikakimbia mpaka tumboni kwake.

"Kumbe makwerekwere," akasema mtu nyuma yetu. Tusi lile la wageni tulilijua hata sisi wadogo. Mkono wa mlinzi ulibaki hewani, vidole vinne. Hakumtazama mama. "Nendeni," akasema kwa Kizulu, akatupa mgongo na kuanza kuwafokea watu ambao hawakufanya kosa lolote.

Mvua ya saa kumi ilitukuta njiani. Neno la kwanza alilosema mama, tulipofika Bez Valley, lilikuwa la Kiingereza. Tangu siku ile aliniongelesha Kiingereza hata jikoni, hata nilipougua. Kiswahili hiki ninachoandika nilikipata chuo kikuu, kwa vitabu na kwa rafiki wa Tanga. Mama akinisikia hucheka, anasema nazungumza kama redio. Mimi sicheki. Nani alimwambia kwamba usalama wangu ungenunuliwa kwa lugha yake? Na kwa nini hakuna aliyeuliza kama naukubali ununuzi huo?

Mwaka huu nilikwenda tena Cyrildene na mdogo wangu. Yeye ni Sipho nyumbani na Sipho barabarani. Wazazi waliamua kumaliza kazi mapema, wakampa jina la barabarani tu. Simba alimwinamia, naye akamtazama kupitia simu, nadhani ataonana naye vizuri akifika nyumbani. Nilipomwonyesha mahali niliposimama siku ile, akasema, "Sharp, sisi," yaani sawa, dada, akaulizia chai ya baridi yenye vidonge vya kutafuna. Hajui kuogopa jina lake. Hajui pia kusema neno lolote ambalo bibi yetu wa Bukavu ataelewa kwenye simu. Sisi tulikuwa na majina mawili na hofu. Yeye ana moja na utulivu. Nimejaribu kumwonea wivu, nimeshindwa.

Mwezi uliopita Espérance aliolewa, kwenye kanisa la Bertrams lililo mitaa miwili kutoka kwetu. Kwaya iliimba kwa Kiswahili, milango wazi, na sauti ya besi ilitikisa viti vya plastiki. Aliyeimba alikuwa mzee mrefu aliyeshika kitabu cha nyimbo kwa vidole vinne. Nilikuwa na maneno ya kumwambia mtu yule, nimeyanoa miaka mingi. Nilimsubiri mlangoni.

"Papa, uliwahi kulinda kule kwa Wachina?"

"Miaka saba, mwanangu. Nani amekuambia?"

Yale maneno nikayaacha. Nikamuuliza jina lake la nyumbani.

Anaitwa Bahati, na anatoka Uvira, jirani na Bukavu yetu.