Faili Dogo la Mwanzo

Kazi yangu katika duka la mjomba, pale mtaa wa Mtanda, ilikuwa kuingiza nyimbo za sidii kwenye kompyuta na kuchoma sidii mpya. Niliipenda kwa sababu kompyuta haikuulizi umeamkaje. Mtu akiingia dukani, mimi nilijibu kwa kichwa kwanza, mdomo ukafuata baadaye, pengine usifuate.

Mjomba alipokwenda Dar kutafuta vipuri, aliingia bibi mmoja jirani yetu, kiongozi wa kikundi cha kaswida cha akina mama. Nikamwamkia.

"Marahaba. Sema kwa nguvu, mwanangu, au sauti umeiazimisha?" Akaweka mezani sidii ya zamani iliyokwaruzika. "Ile uliyonichomea wiki jana nimeivunja kwa kisigino. Tunamtoa bibi harusi, kaswida imekolea, mara deki kimya. Kwenye televisheni katokea Mzungu kakumbatia gitaa! Wale wa upande wa bwana harusi wakatuuliza, 'Huyo ndiye ustadhi wenu?'"

Nilimjua yule Mzungu. Programu ya kuingiza nyimbo ilikuwa na tabia ya kuongeza vitu visivyoombwa: picha za majalada ilizozitoa ijuako yenyewe, orodha, na vifaili vingine nisivyovielewa. Kwenye kompyuta havikuwa na shida, lakini deki ikivikuta katikati ya nyimbo iliacha kuimba ikaonyesha picha.

"Kesho kutwa tuna harusi nyingine, na wale wale watakuwepo," alisema bibi. "Anayeimba humu ni marehemu dada yangu. Sauti yake imebaki kwenye sidii hii tu. Sitaki achekwe tena."

Niliapa moyoni kwamba safari hii hatachekwa.

Niliingiza sidii. Kipande cha kwanza kiligoma mara mbili, kikaingia mara ya tatu. Sikuwasha spika, maana mchana kina kaka hukaa barazani na mimi sikupenda wageuke kunitazama. Nyimbo zilipokwisha kuingia, nikazipanga kwa ukubwa, kama mjomba alivyonifundisha. "Kikubwa ni wimbo, kidogo ni uchafu," ndivyo alivyokuwa akisema. Mimi niliishia darasa la saba na majina yale ya Kiingereza yalinichosha, kwa hiyo kanuni hiyo nilikuwa nimeishika kama sala. Nikayachagua mafaili madogo yote kwa pamoja, nikafuta. Kisha nikasafisha na pipa la takataka la kompyuta, kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu. Nikachoma sidii, nikaiweka kwenye deki, nikautazama kila wimbo ukianza na kuisha. Mzungu hakutokea.

Asubuhi bibi alikuja na wenzake wawili. Nikawasha deki. Dufu likalia, wimbo ukaanza, lakini hakuna aliyetikisa hata bega.

"Mbona hajatusalimia?" akauliza mmoja.

"Nani?" nikasema.

"Marehemu," alijibu bibi. "Kabla ya dufu anatoa salamu na bismillahi. Sisi tunamwitikia, ndipo tunanyanyuka. Iko wapi salamu?"

Nikaelewa hapo hapo. Kile kipande cha kwanza ndicho salamu, sekunde chache tu, na faili lake lilikuwa dogo, limelala katikati ya picha. Ningeweza kusema sidii yao imechakaa, wala wasingejua. Nilitazama meza.

"Nimeifuta mimi," nikasema. Siku hiyo sauti ilitoka ya kutosha.

"Umemfuta dada yangu?"

"Nitamrudisha, bibi. Kaeni."

Wakakaa. Nikarudisha ile sidii ya zamani. Kipande cha kwanza kikagoma. Mara ya tatu, ambayo jana ilikubali, ikagoma vilevile. Nikaitoa, nikaipangusa kwa pindo la kanga yangu, kutoka katikati kwenda ukingoni, moja kwa moja bila kuzungusha. Ikagoma. Nikaenda nyumbani kuchukua dawa ya meno, nikapaka juu ya mkwaruzo kwa kidole, nikasuuza, nikakausha.

"Sasa anampigisha mswaki," alisema mmoja wa wale wenzake, na wote wakacheka isipokuwa bibi.

Ikagoma. Nikapaka tena. Jasho lilinitoka, na kina kaka wa barazani walikuwa wamesimama mlangoni wakitazama. Sikuwajali. Nilihesabu mara saba, kisha nikaacha kuhesabu. Kila ikigoma niliitoa, nikapangusa, nikairudisha. Nilikuwa nimeamua kwamba duka halifungwi kabla ya salamu kuingia.

Ilikaribia adhuhuri mstari wa kijani ulipoanza kusogea mbele ya kipande cha kwanza. Ulisimama katikati. Ukasogea tena, ukafika mwisho.

Niliyafuta mafaili ya ziada moja moja, na kila moja nililifungua kwanza. Picha nikafuta. Orodha nikafuta. Nilipofika kwenye lile faili dogo, niliwasha spika hadi mwisho, barazani wasikie wakitaka.

Kulikuwa na mkwaruzo, kama mtu anayekohoa. Kisha sauti ya mwanamke, tulivu kabisa: "Asalaam alaykum."

"Waalaykum salaam, dada," akaitikia bibi, na wenzake wawili wakaitikia pamoja naye, wakanyanyuka.