Washa Zilizong'aa Kupita Kiasi

Hadi leo najikasirikia. Gari la kaka lilivuja maji ya rejeta kwenye bomba la turbo, na kesho yake lilipaswa kumpeleka bibi harusi Iyula. Ufundi nimejifunza kwenye video, na uchafu siuvumilii: hata washa mbili za zamani, vile vipete vya shaba vya kuziba maji kwenye bolti ya bomba, nilizisugua kwa msasa zikang'aa, ndipo nikafunga mpya. Maji yakavuja vilevile.

Nikalivamia duka la spea nilikonunua zile mpya, pale Tunduma. "Mama, umeniuzia feki! Unatuona wajinga?"

"Mwanangu, punguza sauti. Washa zangu zote nazipaka doa la kijani, kwa ajili ya watu kama wewe."

"Basi linganisha na hizi za zamani!"

Nikazibwaga mezani, wateja wakitazama. Zote mbili zilikuwa na doa la kijani; zile za zamani nilizozing'arisha nilikuwa nimezifunga tena garini.