Volti Thelathini za Mama

Mtaa mzima ulimwita Cheche, naye hakuona sababu ya kununa, maana kichomeo cha risasi, kile cha kuungia nyaya, kilikuwa hakimtoki mkononi. Leo saa saba mchana mdogo wake angesoma taarifa ya habari kwa mara ya kwanza, na mama yao, aliyelazwa chali na mguu uliovunjika, alitaka kumsikia kwenye redio aliyoachiwa na marehemu mumewe. Simu aliikataa katakata.

"Simu ni ya kupigia," alisema. "Habari zina redio yake."

Redio yenyewe ilikuwa na makuu. Ilitafuta stesheni kwa umeme: volti zikipanda, nayo inasogea mbele. Stesheni ya mdogo wake ilikaa mwisho kabisa, kwenye volti thelathini, na betri nne zinatoa sita tu. Kifaa cha kuzipandisha kiliungua zamani, na madukani hakipatikani ng'o.

Basi Cheche akakaa kwenye meza ya chumbani kwa mama akajitengenezea chake. Akazungusha waya mwembamba mara mia mbili, akihesabu kwa sauti, akaunga vipuri vyake: transista, dayodi na kapasita. Kikatoka kitu cha ukubwa wa kiberiti, kinachokula umeme kiduchu ili betri zidumu. Saa sita na nusu akagusisha mita ya kupimia volti. Ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini!

Alipiga kelele mpaka fundi cherehani wa jirani akachungulia dirishani.

"Umeokota hazina?"

"Nimepata volti!"

"Hongera. Zinaliwa?"

Furaha haikumaliza dakika tano. Alipokifunga ndani ya redio na kuiwasha, spika ilinguruma, stesheni haisikiki hata chembe. Akajisonya mwenyewe. Miaka kumi anatengeneza redio, leo kaamini mita akayasahau masikio! Kifaa chake kilikuwa kinarusha mawimbi, na redio inakisikiliza chenyewe badala ya studio.

Akajitupa uvunguni mwa kitanda, akaibuka na kopo la bati la rangi ya viatu.

"Unapiga viatu rangi saa hizi?" mama akashangaa.

"Subiri, mama, subiri!"

Akalifuta kopo, akakiviringisha kifaa kwa plastiki na kukitumbukiza humo, akaliunga kopo na upande hasi wa betri, ili bati lizuie mawimbi yasitoke. Kwenye waya wa kutokea akaongeza kapasita moja ya kutuliza umeme. Akabana kifuniko. Saa saba kasoro dakika moja akawasha.

Ngurumo ikakatika. Kisha sauti ya mdogo wake ikajaa chumba, safi, ikitaja jina lake na kuwasalimu wasikilizaji. Cheche alirukaruka kama mtoto, huku machozi yanamtoka.

"Hongera, mama!" fundi cherehani akapaza sauti dirishani. "Mwanao anasoma vizuri kweli!"

"Huyo umemsikia," mama akajibu, ameushika mkono wa Cheche uliojaa rangi nyeusi. "Sasa ingia umwone aliyemfikisha hapa."